Datsun 240Z: nunua bodi, injini itajisemea yenyewe

Mtu akitaka kukuuzia Datsun 240Z kwa kukuwashia injini usikie inavyonguruma, mwache awashe, kisha mwombe aizime na akuletee jeki na tochi. Injini yake, L24, ni kitu cha mwisho kutiliwa shaka kwenye gari hili. Bati ndilo litakaloamua kama utakaa nalo miaka 30 au utaliuza kwa hasara likiwa limefunguliwa vipande vipande chini ya turubai. Hukumu tunaitoa mapema: kati ya magari ya spoti ya miaka ya 1970 ambayo mwenye gari bado anaweza kuyafungua na kuyafunga mwenyewe kwa spana za kawaida, hatujui lililo rahisi kuishi nalo kuliko hili, ilimradi umenunua bodi nzima.

Lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, likaingia Marekani kama modeli ya 1970 kwa dola 3,526. Silinda sita mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili, suspensheni huru magurudumu yote manne, uzito wa takriban kilo 1,050. Afrika Mashariki inalijua zaidi kwa vumbi lake: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakalirudisha juu baada ya kulingana pointi za adhabu na Datsun nyingine, ile 1800 SSS ya Harry Källström. Muuzaji akikutajia Safari ili apandishe bei, mkumbushe kwamba magari yale ya kiwanda yaliandaliwa maalumu kwa mashindano. Hilo lililoegeshwa mbele yako lilitoka kiwandani na bati jembamba na kinga hafifu ya kutu.

Kwanza jua unanunua nini. Namba ya chesisi inayoanza na HLS30 ni gari la usukani wa kushoto, na haya ndiyo mengi kwa sababu soko kubwa lilikuwa Marekani. HS30 ni usukani wa kulia: Uingereza, Australia, na baadhi ya yaliyouzwa Japani kwenyewe. Namba ya S30 tupu ni Fairlady Z ya Japani, na hapa wengi huumia: ilitoka na injini ya L20 ya lita mbili. Si gari baya, lakini si 240Z, hata kama mtu ameshaigonga nembo ya 240Z ubavuni na kuiwekea injini kubwa. Baadaye ilikuja 260Z, cc 2,565, na Amerika Kaskazini ikapata 280Z ya cc 2,753 yenye mfumo wa sindano za petroli badala ya kabureta, iliyotengenezwa mpaka 1978. Ile ya viti vinne, 2+2, ndefu zaidi kwa takriban sentimita 30, huwa rahisi kuliko zote. Umbo lake si la kila jicho, lakini kwa mwenye watoto wawili wadogo na bajeti finyu ni chaguo la maana kuliko watu wanavyolisema.

Kwa aliye Kenya kuna kizingiti kabla ya kutu. Gari lililotumika haliingizwi kwa njia ya kawaida likiwa limezidi miaka 8, wala likiwa na usukani wa kushoto. Kwa hiyo 240Z haipiti mlango wanaopitia Vitz na Fielder. Pata jibu la maandishi kutoka KRA (mamlaka ya kodi) na KEBS (shirika la viwango) kabla ya kutuma hata senti moja, au tafuta lililokwisha kusajiliwa hapa.

Sasa tochi. Anza chini ya betri, upande wa abiria kwa gari la usukani wa kushoto. Asidi ya betri hula sinia, hushuka kwenye ukuta wa injini, kisha huingia kwenye reli ya chesisi iliyo chini yake. Sinia jipya ni kazi ya siku moja. Reli iliyooza nyuma yake ni kazi ya wiki, na haionekani mpaka ulale chini. Fuata reli hizo mbili kutoka mbele hadi chini ya viti. Zimetengenezwa kwa bati jembamba kama bakuli refu lililogeuzwa, na jeki za vituo vya mafuta zimezibonda karibu kwenye kila gari lililowahi kutembea. Kubondeka peke yake si kosa la kuua biashara. Chukua bisibisi butu, bonyeza kwa nguvu ya mkono kila sentimita 10. Ikizama, reli hiyo imekwisha.

Ndani, inua zulia. Sakafu ilifunikwa mikeka ya lami ya kupunguza kelele, na maji yakishapita chini yake hayatoki. Mkeka uliopasuka au kuinuka pembeni ni dalili, na mkeka mpya unaong'aa ni dalili kubwa zaidi. Maji yenyewe hutoka wapi? Mara nyingi juu: mfereji ulio chini ya kioo cha mbele hukusanya majani, vitundu vyake vya kumwaga maji vikaziba, kona zake zikaoza na maji yakaingia miguuni. Mwaga chupa ya maji kwenye matundu ya chini ya kioo, kisha angalia kama yanatoka chini nyuma ya fenda au ndani ya gari. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekwisha kukujibu.

Kisha vizingiti vya milango, hasa mwisho wake wa nyuma pale vinapokutana na tao la gurudumu. Pale kuna matabaka ya bati yaliyolaliana, na kutu huanzia ndani kuja nje. Ukiona malengelenge ya rangi ukubwa wa kunde, ndani kuna shimo la ukubwa wa ngumi. Fungua mlango, uufunge polepole, na tazama nafasi kati ya mlango na bodi: ikiwa imebana juu nyuma na kupanuka chini, gari limeanza kupinda katikati kwa sababu kizingiti hakibebi tena. Hilo liache, isipokuwa unalinunua kwa ajili ya spea. Malizia nyuma: bati la chini ya taa, shimo la tairi la akiba, na minara inayoshika shoku. Tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, ujue hapo kuna puti wala si chuma. Sumaku ya friji inatosha, ile kubwa ya spika hushika hata kupitia milimita tatu za puti na kukudanganya.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa injini, na kibati cha utambulisho ndani ya chumba cha injini kinabeba namba hiyo pamoja na ya injini. Linganisha zote na kadi ya gari. Injini isiyo ya asili inapunguza thamani lakini si mkosi. Namba ya chesisi iliyochomelewa upya ni sababu ya kuondoka.

Ukishanunua, usianze na rangi wala viti. Piga picha kila kitu, kila boliti kwenye mfuko wake wenye jina, kisha bodi peke yake. Kosa linaloharibu magari haya kwenye gereji ni kukata vizingiti na sakafu za pande zote mbili kwa pamoja. Bodi haina chesisi ya kujitegemea; ukiitoa uti wote inajikunja, na utagundua siku ya kufunga milango. Chomelea mihimili ya mabomba ya mraba kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, na mwingine kukatiza kutoka upande hadi upande, kisha fanya upande mmoja hadi uishe. Pima diagonali za uwazi wa mlango kabla na baada. Bati la sakafu liwe la milimita 1. Mashine ya weldi ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 inatosha. Toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita 3 hadi 4, uyajaze kwa weldi kuiga pointi za kiwandani. Usivute mstari mrefu wa weldi kwenye paneli ya nje, itapinda kwa joto. Rukaruka nukta hapa, nukta kule, uache ipoe.

Paneli za kununua zipo. Zedd Findings ya Kanada hutengeneza sakafu na reli, na Bad Dog Parts ya Marekani ina reli za bati nene zinazovaliwa juu ya zile za zamani. Hizi za pili zimefanya gari kuwa gumu kuliko lilivyotoka kiwandani, lakini zina mtego wake: fundi mvivu huzivika juu ya kutu hai na kuifungia ndani. Kata kilichooza kwanza. Mchanga wa kupulizwa kwa kompresa ufanye kwenye sehemu nene tu. Boneti, milango na paa vitajikunja, hivi vioshwe kwa kemikali ya kutoa rangi na mkono. Baada ya hapo epoksi, silanti kwenye kila mshono, rangi, na mwisho kabisa nta ya ndani ya mashimo, ya aina ya Dinitrol, inayopulizwa kwa mpira mrefu ndani ya vizingiti, reli na milango mpaka idondoke kwenye vitundu vya chini. Watu hulipa maelfu kwa rangi na kuiruka nta. Kwa gari la Mombasa, Tanga au Zanzibar, heri urukwe ung'arishaji wa rangi.

Injini haihitaji maneno mengi, ila kuna mambo matatu ambayo fundi aliyezoea Toyota za kisasa huyakosea. La kwanza ni cheni ya taimingi. Kabla ya kutoa gia ya kamshafti, ingiza kabari ndefu ya mbao kati ya pande mbili za cheni iibane. Bila kabari, kikaza cheni kitachomoka ndani, na kazi ya kubadilisha gasketi ya hedi itageuka kazi ya kufungua kifuniko chote cha mbele. Gia hiyo ina matundu matatu ya pini. Cheni ikishalegea kwa umri unahamia tundu la pili au la tatu kurudisha taimingi, kwa hiyo weka alama ya tundu lililokuwa likitumika. La pili: minara inayobeba kamshafti ililinganishwa pamoja na hedi. Usiitoe ati kwa ajili ya kusafisha vizuri, kwa sababu haitarudi kwenye mstari na kamshafti itabana. La tatu ni maji matupu kwenye rejeta. Hedi ni aluminiamu, bloku ni chuma, na maji ya bomba hula njia za hedi mpaka gasketi haina pa kukalia. Tumia kulanti mwaka mzima, na thamostati ya nyuzi 82, au 76.5 iliyokusudiwa nchi za joto.

Valvu zirekebishwe injini ikiwa moto: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Plagi NGK BP6ES, mwanya 0.8. Mfuatano wa kuwasha ni 1-5-3-6-2-4. Boliti za hedi zikazwe kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje, kufikia Nm 75 hadi 83. Kipimo cha kompresheni cha injini nzima ni kama psi 170 hadi 185, na silinda dhaifu isishuke chini ya asilimia 80 ya ile bora. Hapa tahadhari kwa wanunuzi wa bara: namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi, mita zipatazo 1,800 juu, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, na injini nzuri kabisa inaweza kusoma 140. Usimlaumu muuzaji bure, na usikubali pia akuuzie 100 kwa kisingizio cha mwinuko. Angalia ulingano wa silinda zote sita.

Bloku likiwa limekwisha, L28, injini ya 280Z, inaingia palepale, na ilitumika pia kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980, mfululizo wa 160, kwa hiyo si lazima kila kitu kitoke Marekani. Hamisha sampu na bomba la kunyonya oili kutoka kwenye injini ya Z. Na usibandike hedi ya E31 ya 240Z ya kwanza juu ya L28 bila hesabu: chumba chake cha moto ni kidogo, kompresheni inapanda, na kwa petroli ya kawaida injini itagonga mpaka pistoni ipasuke. Bloku la asili litunze, hata likiwa gofu tupu. Mwenye gari wa baadaye atalilipia.

Kabureta za Hitachi, zile za vifuniko vya mviringo, ni nzuri na rahisi. Zinapozingua, tatizo huwa ekseli za throtoli zilizolika na kunyonya hewa, wala si jeti. Nyunyizia kisafisha kabureta kwenye ncha za ekseli injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa: mwendo ukibadilika, bushi zimekwisha, na hakuna kurekebisha kutakakosaidia. Baada ya kuzijenga upya, anzia na nati ya mchanganyiko ikiwa imeteremshwa mizunguko 2.5 kutoka juu kabisa, na kwenye miinuko ipandishe kidogo kidogo kupunguza petroli. Modeli za Marekani za 1973 zilikuja na kabureta za kifuniko bapa, nzito na zenye kiburi kwenye joto. Wengi huzitupa na kurudisha za mviringo, nasi tunaona ni sawa.

Umeme ndio unaochoma magari haya, kwa maana halisi. Mkondo wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani na sanduku la fyuzi lenye klipu za shaba zilizolegea. Fyuzi ya taa ndogo hupata moto hadi plastiki inayeyuka. Weka rilei mbili za taa, zenye waya wa milimita mraba 4 kutoka betri, swichi ibaki ikiamuru tu. Badilisha sanduku la fyuzi kwa lile la fyuzi bapa za kuchomeka. Oltaneta ya 280ZX, gari lililoifuata 280Z, yenye regyuleta ndani ni badiliko zuri, ila inahitaji dayodi kwenye waya wa taa ya chaji; bila hiyo utazima swichi na injini itaendelea kunguruma. Distribyuta ya 280ZX yenye moduli ya E12-80 inakuondolea platini. Angalia hapa pia: kipimo cha mizunguko cha 240Z hupima mkondo unaopita kwenda kwenye koili, kwa hiyo ukiruka ovyo rezista iliyo kwenye njia ya koili, sindano inalala na fundi anakuambia kimekufa.

Chini ya gari, andaa subira kwa pini ndefu za mikono ya nyuma. Kila moja hupita katikati ya kiti cha shoku na kushikwa na boliti yenye ncha iliyochongoka; kutu huziunganisha kuwa kitu kimoja. Toa kwanza hiyo boliti ya kufunga, ambayo wengi huisahau, loweka kwa mafuta ya kulegeza siku kadhaa, kisha presi ya tani 20. Nyundo itapanua ncha ya pini na kuimaliza kazi vibaya. Zikikataa, kata pini pande zote mbili, nunua mpya, na safari hii zipake grisi ya shaba. Sauti ya "kong" unapoachia klachi si difu kufa. Mara nyingi ni mpira wa mbele unaoishikilia difu uliochanika. Bei yake ni ndogo, na watu wamekwisha kubadilisha difu nzima kwa ajili yake.

Breki za asili zinatosha kwa mwendo wa ustaarabu. Anayetaka zaidi ana bahati ya kuishi nchi za Hilux: kalipa za pistoni nne za Hilux 4x4 za 1979 hadi 1985, zenye maandishi S12+8, zinaingia kwenye mashimo yaleyale na diski ileile. Bati la kuzuia vumbi litolewe au likatwe, na bomba gumu likunjwe upya. Pedali ikizama sana baada ya hapo, masta silinda ya inchi 15/16 badala ya 7/8 inairudisha.

Ndani hatutakaa sana. Dashibodi hupasuka juani na nzima ni ghali kuliko hedi. Kifuniko cha plastiki juu yake ni aibu inayovumilika. Harufu ya moshi ndani ya gari hutoka kwenye raba za mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma, na ya petroli hutoka kwenye mipira ya hewa ya tangi iliyofichwa nyuma ya paneli za pembeni. Badilisha yote kwa pamoja, kuifikia ni kazi kuliko kuinunua.

Bei za minada zisikupoteze. Januari 2020 gari moja la 1971 liliuzwa Marekani kwa dola 310,000, na hilo lilikuwa halijafufuliwa kabisa, lilitunzwa tu. Nissan yenyewe ilijaribu miaka ya 1990 kununua na kufufua 240Z chache na kuziuza kwa karibu dola 25,000, ikauachia njiani mpango huo. Hesabu ya gereji haina huruma hata kwa kiwanda kilicholitengeneza. Kati ya gari linalotembea lenye sakafu mpya ya kupakwa lami jana, na lisilowaka lenye bati kavu la asili, lipia zaidi lile lisilowaka.

Likishakamilika, liendeshe kila wiki mbili mpaka oili ipate moto hasa. Dakika tano za kuunguruma gereji hukusanya maji kwenye oili na ekzosi. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, ya magari ya zamani, kwa ajili ya kamshafti na roka zake. Majimaji ya breki kila miaka miwili. Kila kabla ya masika, zibua vitundu vya chini ya milango na mfereji wa kioo kwa waya laini. Matairi ya asili yalikuwa 175 ya rimu 14. 195/70R14 yanakaa vizuri bila kugusa fenda, na soma ile namba ya tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka, kabla ya kulipa, kwa sababu saizi hiyo haitoki haraka dukani na unaweza kuuziwa mpya lenye miaka saba.